Nyumba Asiyoingia Baba

Jumapili, 2 Machi 2025

Mvua ya kwanza imetukuta sebuleni. Baba alikuwa ametuita baada ya chakula cha mchana. Akakaa kwenye kiti chake karibu na redio, akasema shamba la chini litauzwa. Alilisema bila kutanguliza lolote, kisha mvua ikapiga mabati tusiweze kusikilizana. Nadhani ilimfaa. Mama alipata muda wa kufuta macho.

Shamba la chini ndilo lenye chai. La juu ni ndizi na mahindi, na halijawahi kumpeleka mtu shule. Chai ndiyo iliyomsomesha kaka yangu Gibson mpaka akafika Amerika, na ndiyo iliyonisomesha mimi uchumi chuo kikuu, shahada ambayo imenirudisha hapa Nyaramba kuchuma chai ileile. Sasa nimepata nafasi ya kuendelea na masomo Minnesota, aliko Gibson, na karo ya mwaka wa kwanza haina pengine pa kutoka. Bwana Angwenyi, mwenye duka la mbolea sokoni, yuko tayari kununua. Gibson atanipokea, nitalala kwake, nitakula kwake. Baba amelipanga kama ratiba ya ibada.

Mama Sharon alikuwa mlangoni akijikinga mvua. Jina lake ni Persis, mjane wa baba mdogo, na boma lake limepakana na letu. Binti yake yuko Saudia, anafanya kazi za nyumbani.

"Si aende kwa Sharon wangu," alisema. "Kule hawauzi shamba ndio uende."

Baba alimjibu kwamba hakusomesha mtu ili akaoshe vyombo.

"Na Gibson anaosha nini huko? Tuliambiwa ni wazee. Afadhali vyombo, shemeji. Vyombo havikutemei mate."

Hakuna aliyecheka ila Nyanya, mama yake Baba. Mimi nimebaki na swali. Kabla chai haijauzwa nataka kujua ni watu wetu gani wanaoishi vizuri kweli, wa Amerika au wa Saudia. Sitaki kuambiwa. Nataka kuona.

Sabato, 8 Machi

Harambee ya paa la kanisa. Mzee wa kanisa alisoma majina ya walio ng'ambo. Watu wa Amerika wameahidi. Watu wa Saudia hawakuahidi chochote. Mama zao walisimama mmoja mmoja, wakafungua ncha za leso, wakaweka mezani. Makofi yalikuwa makubwa zaidi kwa ahadi.

Jina la Gibson halikusomwa. Huwa ni la kwanza. Nilimwona Baba akiinama kumnong'oneza mzee, na mzee akapanda tena mimbarini akasema, "Na Gibson, mwana wa Mzee Mogaka." Baba akakaa akitazama mbele, kama mtu ambaye hakufanya lolote.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Chai imechipuka kwa fujo. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya kwenda kituo cha kuuzia majani ya chai inapita kati ya nyumba mbili, na leo nimezilinganisha.

Ile ya Gibson ina nguzo nne mbele, mabati mekundu, madirisha mapana yenye mapazia meupe. Haina mtu. Ile ambayo Sharon amemjengea mamake ni ya vyumba vitatu na tangi la maji, na moshi hutoka jikoni kila asubuhi. Nilipofika sokoni nikaona ni hivyo kila mahali. Nyumba za Amerika ni kubwa na zina kufuli. Nyumba za Saudia ni ndogo na kuna mtu anakaanga kitunguu.

Baba ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba ya Gibson, akagombana na mafundi kwa kila tofali. Lakini siku nyumba ilipoezekwa na mlango kutiwa, alitoka, na hajaingia tena. Mzazi haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, ile heshima na haya ya kati ya mzazi na mtoto, ambayo hapa kwetu hata mlevi haivunji. Kilichobaki alikifuatilia Gibson mwenyewe kwa simu. Mama naye haingii wenyewe wasipokuwepo. Ufunguo amepewa Nyanya Bosibori, kwa kuwa nyanya na mjukuu hawana haya: humwita Gibson mume wangu na kumtania mambo nisiyoweza kuyaandika. Mimi dada ningeingia, ila Nyanya anasema haifunguliwi mpaka Gibson aje na mkewe, Ashley.

Kwa hiyo kila jioni Baba husimama kwenye maua, chini ya ngazi. Hugusa nguzo. Mgeni akipita humweleza habari za mbao na mabati. Leo nimemsikia akimwambia muuza maziwa kwamba huko Amerika Gibson ana nyumba nyingine, kubwa kuliko hii. Gibson hajawahi kusema hivyo. Hajawahi kukana pia.

Jumapili, 16 Machi

Gibson amepiga simu. Zamani alikuwa akituonyesha theluji, gari, mtoto wake akiteleza kwenye barafu. Tangu Januari hatumwoni. Anasema kamera imeharibika. Baba alipomweleza habari za Angwenyi alisema, "Msiharakishe, Baba. Chai ni chai."

Baba aliikata simu akiwa na furaha. "Mnaona unyenyekevu? Hata shamba ambalo halimsaidii kitu analihurumia."

Mimi sikusikia unyenyekevu. Nimesikia mtu anayeogopa kitu. Ama hataki nikaone anavyoishi, ama analitaka shamba libaki ili aje kulirithi. Kaka mwenye nia njema angesema njoo.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Barabara ya kituoni imekatika, tumebeba majani kichwani.

Jumapili, 23 Machi

Mama Sharon amenunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi.

Wanawake wa kituo cha majani wana maelezo yao kuhusu wasichana wa Saudia na mahali vitu vyao vinakotoka. Huyasema kwa sauti ya chini, na mimi nilisimama karibu kuliko ilivyostahili. Jioni Sharon akampigia mamake nikiwa pale, nikapewa simu nimsalimie. Anaongea kwa kunong'ona. Anatabasamu kwa mdomo tu. Katikati ya sentensi alikata simu, na Mama Sharon akaipokea simu yake na kuiweka mfukoni kama jambo la kawaida.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika: yule anaficha mwanamume.

Alhamisi, 27 Machi

Nyanya amehamishia kuku wake kwenye veranda ya nyuma ya Gibson. Anasema kule hakuna kicheche. Kila jioni anapeleka bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Leo nililifunua akiwa amegeuka. Ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, tena ile ya maziwa. Jana aliniambia nizidishe chumvi. Kuku hawana maoni juu ya chumvi.

Nyanya hana meno ya kumaliza hata nusu ya bakuli lile. Kuna mtu anakula chakula chetu. Nafikiria boma lililopakana na letu, na yule mwanamke ambaye mambo yake yananyooka ghafla.

Jumapili, 30 Machi

Angwenyi alikuja kuona shamba. Hakuitazama chai, alitazama udongo. Alichimbua kwa ncha ya mwavuli, akasugua kati ya vidole, akanusa. Ni mtu mpole na hilo linaniudhi. Ningependa anayechukua shamba letu awe na sura ya mwizi. Wamekubaliana kukaa mbele ya wazee wa ukoo Jumapili inayofuata Pasaka, waandikiane, naye aweke kianzio cha malipo. Kwa kuwa ni ardhi ya ukoo, Gibson naye ataulizwa kwa simu.

Mama hakutoka jikoni mpaka alipoondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua, na ukungu mpaka adhuhuri.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekamatwa nikichungulia uani kwa Mama Sharon.

"Unatafuta nini, Nyakerario?"

Nilisema natafuta yai, kuku wetu wanataga ovyo.

"Kuku wenu wako kwa Gibson. Hata mimi najua." Alinitazama kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na kikombe cha maziwa. "Kunywa. Umekonda kwa kutazama watu."

Nilikunywa. Jikoni kwake niliona sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja. Mtu anayekula chakula cha wizi angekuwa na vyombo vingi zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili



Baba alikuwa amempelekea Gibson ujumbe wa tarehe ya kikao. Leo jioni Gibson akapiga, siku isiyo yake. Baba akaniachia simu, akatoka kuanua mahindi, maana mawingu yalikuwa yamegeuka kijani kule upande wa Borabu. Gibson alianza kuniambia kwamba mwaka huu si mzuri, kwamba chuo kinaweza kusubiri. Ndipo mvua ya mawe ikaanguka.

Mwenye kuishi chini ya mabati anaijua sauti ile. Ni kama lori linamwaga kokoto juu ya kichwa chako. Niliweka simu sikioni kwa nguvu nimsikie, na nikasikia kokoto ndani ya simu pia. Nilidhani ni sauti yetu inayorudi. Nikabonyeza kuzima maikrofoni ya upande wetu. Kokoto ziliendelea kumwagika kule kwake. Radi ikapiga, niliisikia dirishani, nikaisikia simuni.

Nilifungua maikrofoni. "Huko kuna nini, Gibson?"

"Theluji," akasema. "Theluji nyingi."

Ni yeye aliyetufundisha miaka ile, akiwa na koti jipya na furaha, kwamba theluji huanguka kimya hata usijue mpaka ufungue mlango. Sikumkumbusha. Nilisema sawa, tutaongea.

Mawe yalipokwisha chai ilikuwa imechanika kama karatasi. Baba alisimama nje akiitazama, kofia mkononi. Kisha akainua macho kwenye mabati mekundu ya mwanawe. "Afadhali yeye hayuko kwenye balaa hili," alisema.

Ijumaa, 11 Aprili

Baba na Mama walikuwa kituoni wakibishana na karani juu ya majani yaliyochanika. Nilimfuata Nyanya mpaka veranda ya nyuma. Hakushtuka. Aliweka bakuli chini, akatafuta ufunguo ndani ya nguo.

"Nilidhani kwa shule uliyosoma ungeshajua mapema," alisema. Kisha akaita kupitia mlango: "Mume wangu, vaa suruali. Leo kuna mgeni."

Nilikuwa na hakika kwamba ni Gibson, bado macho yalikataa. Amekonda, ndevu zimemjaa, amevaa sweta la chuo cha huko na sapatu za Nyanya. Nyuma yake nyumba haina kitu. Haina plasta, haina dari, sakafu ni saruji mbichi yenye nyayo za mafundi. Yale mapazia meupe yametundikwa kwa misumari, uso mzuri ukiangalia nje. Kwenye chumba kimoja kuna godoro, jerikeni, na simu yenye laini yake ya Amerika, inayoshika mtandao wetu. Mtandao wa sebuleni kwetu! Nilijiuliza mara nyingi kwa nini unaisha haraka, nikamshuku Mama Sharon.

Alirudishwa mwezi wa kwanza. Karatasi zake zilikuwa zimekwisha muda na hakuweza kuzirekebisha. Waliokuja kumchukua walimkuta akitoka kazini asubuhi. Ashley amebaki na mtoto. Akafika Kisii mjini na mfuko mmoja, akakaa Nyakoe mpaka giza lilipoingia, akaja kwa Nyanya.

"Kwa nini hapa?" nilimuuliza. "Dunia nzima, ukaja kujificha katikati ya boma la baba yako?"

"Kuna mahali gani pengine ambapo Baba hawezi kufungua mlango?"

Nyanya alisema ugali unapoa.

Sabato, 12 Aprili

Baba ameombea kanisani watoto walio nchi za mbali, akamtaja Gibson kwa jina. Nilifumbua macho kabla ya amina.

Jumanne, 15 Aprili

Nimerudi kwake mara kadhaa. Bado simwamini, na nilimwambia hivyo. Nilimuuliza swali langu la Machi kama ninavyomhoji mtu wa utafiti: nani anaishi vizuri, wa Amerika au wa Saudia?

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alisema kwa mshahara, Sharon hamfikii hata robo. Lakini Sharon analala kwa mwajiri, anakula kwa mwajiri, hana nauli, hana duka la kuingia. Anachopata kinakuja nyumbani kizima kwa sababu hana njia ya kukila. Yeye Gibson alikuwa na chumba, na gari, kwa sababu bila gari huko hufiki kazini, na bima ya gari, na baridi ya kulipia. Alifanya kazi zamu mbili, akilala ndani ya gari kati ya moja na nyingine. Na juu ya hayo yote alikuwa mtu wa Amerika. Kila msiba wa Wakisii wa huko lazima uchange maiti irudi. Kila paa la kanisa la hapa lazima uahidi.

"Sharon hakuna anayemtarajia kitu," alisema, "kwa hiyo akituma mfuko wa saruji watu wanashangaa. Mimi nilitarajiwa nguzo. Nikajenga nguzo."

"Ungesema."

"Ungesema wewe? Baba akiwa pale kwenye maua?"

Ndipo nikaelewa kwamba amekuwa akimsikia. Dirisha la chumba kile liko juu ya maua. Kila jioni, tangu Januari, Baba amekuwa akijisifia nyumba hii kwa wapita njia, na mwenye nyumba amelala chini ya dirisha, mkono mdomoni asikohoe.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka kwa majirani wetu Wakatoliki. Nilikuwa kwa Mama Sharon simu ilipolia, na safari hii sikuangalia tabasamu la Sharon. Nilimuuliza, uko chumba gani?

"Bafuni," alinong'ona. "Nimefungua maji wasisikie. Simu nimepewa leo tu, sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto wao." Nikamuuliza mara ya mwisho kutoka nje ni lini. Alifikiri. "Nje kama nje? Nilipeleka takataka getini." Akacheka kidogo, kisha mtu akagonga mlango kule na simu ikakatika.

Mama Sharon hakuwa amesikia, alikuwa anakamua. Nilimwambia Sharon anasalimu. Msichana ambaye hajapewa hata mlango, mimi nilikuwa nimemzulia mwanamume.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia Gibson atoke kabla ya Jumapili. Asipotoka Baba atauza chai ili anipeleke kwa mtu asiyekuwepo, na Angwenyi akishaweka kianzio, Baba si mtu wa kurudisha neno lake.

Akasema, mwambie tu hutaki kwenda. Nimeshamwambia, mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia ni woga. Mara ya pili aliniuliza, kwa upole ambao sikuwa tayari nao, kama ni nani amenitia sumu dhidi ya kaka yangu.

Akasema basi nimwambie Baba ukweli mimi. Nyanya aliingilia. "Huyu hawezi. Mtu hapelekewi aibu ya mwanawe na binti yake. Itabaki kati yao wote watatu mpaka kaburini."

"Basi mwambie wewe, Nyanya."

"Mimi nimempikia," alisema. "Kazi yangu nimeifanya."

Gibson alijifunika blanketi. Ana miaka thelathini na minne. Nilifunga mlango kwa nguvu, kuku wakaruka.

Jumapili, 27 Aprili

Niandike kwa mpangilio, maana kesho kila mtu atasimulia yake.

Mvua haikunyesha. Viti viliwekwa uani, kati ya nyumba yetu na ya Gibson, Baba akitaka wazee waione. Walikuja watatu, pamoja na Mzee Manasseh ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Angwenyi alikuja na mwavuli wake. Mama alileta chai na kusimama nyuma ya mgomba badala ya kukaa. Mama Sharon alisogea mpaka uani kwa kisingizio cha ndama.

Waliongea mipaka. Waliongea njia ya maji. Kisha Mzee Manasseh akasema ardhi ya ukoo haiuzwi mwana akiwa hajasema, na aliye mbali aulizwe. Baba alikuwa anaisubiri zamu hiyo. Alitoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa na kuishika mbele yake kwa mikono miwili.

Gibson alipokea. Aliwasalimia wazee kwa majina. Sauti yake ilikuwa ile ya Amerika, ya kuvuta maneno, na wazee wakatabasamu. Mzee Manasseh akamuuliza, "Mwanangu, baba yako anauza chai iliyokulea. Unakubali?"

Simu ikanyamaza.

"Mtandao," Baba aliwaambia wazee.

"Nasikia," alisema Gibson. Nilimwona Angwenyi akitoa kalamu. Nilijua Gibson atasema ndiyo, kwa sababu ndiyo ndilo neno ambalo amekuwa akilisema kwa miaka yote kila alipokuwa hana kitu.

Niliinuka. Hakuna aliyenizuia; walidhani naenda kuleta sukari. Nilivuka ua, nikapita maua, nikapanda ngazi, nikagonga mlango wa mbele kwa ngumi, mara tatu.

Mgongo wangu ulikuwa kwao, lakini nilisikia. Nilisikia ngumi yangu kwenye mbao, na nyuma yangu, ndani ya simu ya Baba, nikaisikia tena.

Ndama wa Mama Sharon alilia. Nikageuka. Baba alikuwa anaitazama simu. Aliisogeza karibu na uso kama mtu anayetaka kusoma maandishi madogo, kisha akainua kichwa akautazama mlango. Akampa Mzee Manasseh simu, akaja. Alitembea vizuri, hakukimbia. Alifika kwenye maua, mahali pake pa kila jioni, akasimama. Mguu mmoja ulipanda ngazi ya kwanza, akautoa. Akageuka, akaupa mlango mgongo, akitazamana na wazee.

"Gibson," alisema. "Mimi siwezi kuingia humo. Unajua siwezi. Toka wewe."

Mimi nilishuka nikasimama pembeni. Tulisikia kufuli la ndani. Gibson alitoka na sweta lile na sapatu za Nyanya, simu bado mkononi, ikiwa haijakatwa, kwa hiyo pumzi zake zilisikika pia kule kwenye kiti cha Mzee Manasseh. Mlango ulibaki wazi, na wazee wote waliona ukuta usio na plasta.

Baba hakugeuka. "Tangu lini?"

"Januari."

"Nilipokuwa nasimama hapa, ulikuwa unanisikia?"

"Kila siku, Baba."

Baba akamwambia Mama alete kiti kimoja zaidi, na Mama akatoka nyuma ya mgomba, akaleta kile cha Baba mwenyewe kutoka sebuleni, akakiweka katikati ya wazee. Gibson akakaa. Hapo ndipo Baba alipomtazama.

Angwenyi alikuwa wa kwanza kusimama. Alirudisha kalamu mfukoni, akasema udongo hauendi popote, wataongea siku nyingine kama itahitajika, na kwamba amefurahi kumwona kijana. Aliaga kila mtu kwa mkono, hata mimi. Namtoa kwenye orodha ya watu ninaowashuku.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Baba hajatoka chumbani. Nyanya ameomba sapatu zake.

Alhamisi, 1 Mei

Sokoni Nyaramba watu wamechangamka. Inasemekana wapo wanaopita kwenye nyumba za Amerika zenye kufuli wakigonga madirisha. Mama mmoja aliniuliza kama ni kweli huko hakuna kazi tena. Mwingine aliniuliza ni ajenti gani wa Saudia aliye mwaminifu. Nilimwambia amuulize binti wa mtu, akiwa peke yake, yuko chumba gani. Hakunielewa.

Nimewaandikia chuo kwamba sitafika mwaka huu. Nililia kidogo baada ya kutuma, kisha nikajishuku: huenda ni ahueni.

Jumatano, 7 Mei

Chai imeanza kupona. Gibson amechuma leo kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa kijana wa shule. Anachuma vibaya, anavuta kwa pupa, majani makubwa na vijiti. Baba alichuma mstari wa pili kutoka kwake, hawakusemezana asubuhi nzima.

Kituoni, karani alitia mkono kwenye kikapu cha Gibson, akakisukuma kando. Hakikubaliki, peleka kwa ng'ombe. Watu walikuwa wengi na walikuwa wanangoja kitu kama hicho. Mmoja akasema huyu amezoea kuchuma dola. Walicheka. Gibson aliinama kukichukua kikapu.

Baba alitoka kwenye foleni, mahali pake karibu na mizani. Alikunja suruali, akakaa chini kwenye simiti yenye maji, akakimimina kikapu cha mwanawe mbele yake, akaanza kuchambua. Majani mawili na chipukizi upande huu, mengine upande ule. Hakuinua kichwa. Foleni ilimpita. Gibson alisimama, kisha naye akachuchumaa, na Baba akamwonyesha kwa kidole pa kukatia, bila neno.

Nilimtazama Baba usoni muda wote ule nikitafuta hasira. Lazima ipo. Nimeitafuta mpaka majani yalipopimwa na sikuiona.

Kesho nitaangalia tena.